Utomvu wa Papai Kwenye Uti wa Mgongo

Sungura wale hawakuwa wagonjwa. Walikula, walirukaruka, macho yao yaling'aa. Kilichoharibika kilikuwa kimoja tu: masikio. Badala ya kusimama wima yalikuwa yameanguka huku na huku, yamelegea kama mchicha ulioachwa juani. Siku tatu nne baadaye yakasimama tena, kana kwamba hapakuwa na lolote.

Daktari aliyewadunga sindano sungura hao aliitwa Lewis Thomas, wa New York. Alichowatia mshipani kilikuwa papaini, kimeng'enya kinachopatikana kwenye utomvu mweupe wa papai bichi. Shabaha ya uchunguzi wake ilikuwa nyingine kabisa. Alipoona masikio yakianguka kwa mara ya kwanza, katika miaka ya 1940, alikata kipande cha sikio, akakitazama kwenye hadubini, asione cha ajabu, akaendelea na shughuli zake. Miaka ikapita. Siku moja, akiwafundisha wanafunzi wa udaktari, aliwaonyesha kioja hicho, na safari hii akakata masikio mawili: la sungura aliyedungwa na la sungura mzima. Alipoviweka vipande hivyo sambamba, jibu likawa wazi. Seli za gegedu zilikuwepo, lakini ule ujiuji mzito unaozishikilia, unaolipa sikio ukakamavu wake, ulikuwa umetoweka. Akachapisha habari hiyo mwaka 1956, pamoja na picha ya sungura walioinamisha masikio.

Mpishi wa Pwani angemwambia mapema zaidi. Anayetaka nyama ngumu ya mshikaki ilainike huipaka papai bichi lililokunwa, kisha hukaa chonjo, maana ukisahau nyama huwa uji. Viwandani nako utomvu ule ulitafutwa sana, kwa kulainisha nyama na kwa kuzuia bia isifanye ukungu inapopozwa. Tanganyika na Kongo zilikuwa miongoni mwa nchi zilizouuza ng'ambo: tunda bichi huchanjwa kwa wembe likiwa bado mtini, matone yakakingwa, yakakauka yakawa chenga. Ndani ya chenga hizo mna vimeng'enya zaidi ya kimoja. Mwaka 1941 wakemia wawili wa Marekani, Eugene Jansen na Arnold Balls, walikitenga kimojawapo wakakipa jina la kimopapaini. Kwa zaidi ya miaka ishirini kilibaki kuwa jambo la wakemia.

Sikio la sungura na kiuno cha binadamu vinahusianaje? Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kati ya pingili na pingili kuna diski. Ifikirie diski kama kitumbua: nje ganda la nyuzi imara, ndani kiini laini chenye maji mengi. Ganda likichanika, kiini huchomoza na kuweza kuugandamiza mshipa wa fahamu unaopita jirani. Hapo mtu huhisi moto unaoanzia kiunoni au matakoni, ukashuka pajani hadi kwenye vidole vya mguu. Maumivu hayo ya mguu yana historia ndefu. Mwaka 1764 Domenico Cotugno, daktari wa Napoli, aliandika kitabu kizima kuyatenganisha na maumivu ya kiungo cha nyonga, akisema yanatoka kwenye neva. Alikuwa sahihi, ila hakujua ni nini kinachoikera neva yenyewe.

Wajerumani wawili nusura wajue. Huko Berlin, Fedor Krause alimpasua mgonjwa aliyekuwa ameteseka kwa miaka, akatoa kinundu kilichokuwa kikibana neva, na mgonjwa akapata nafuu. Krause na mwenzake Hermann Oppenheim walitangaza mwaka 1909 kwamba wametoa uvimbe wa gegedu. Haikuwa uvimbe. Kilikuwa kipande cha diski ya mgonjwa mwenyewe, na hakuna aliyekitambua.

Ilibidi kungoja hadi Desemba 1932, katika Massachusetts General Hospital mjini Boston. William Mixter, mpasuaji wa neva, na Joseph Barr, mpasuaji wa mifupa, walikuwa na kijana aliyeumia mgongo katika mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Wakamfungua, wakatoa kinundu, na maabara ikaleta jibu lilelile la Berlin: uvimbe wa gegedu. Barr hakuridhika. Aliomba tishu ile ilinganishwe na diski isiyo na ugonjwa, na vikaonekana ni kitu kimoja. Mara mbili, basi, katika historia hii, ukweli umepatikana kwa sababu mtu alijisumbua kukiweka kilicho kizima kando ya kilichoharibika. Laiti ada hiyo ingefuatwa na wote waliokuja baadaye.

Makala yao ya mwaka 1934 iliwapa madaktari wa dunia mshtakiwa. Kizazi kizima cha wapasuaji kikaamini kwamba nyuma ya kila mgongo unaouma kuna diski iliyotoka, na kwamba diski hiyo lazima iondolewe. Upasuaji wenyewe haukuwa mchezo: misuli ilibanduliwa, sehemu ya mfupa wa nyuma ya pingili ikakatwa, na mgonjwa akalazwa wiki kadhaa. Wengi walipona. Wapo waliotoka na kovu refu na maumivu yaleyale.

Kwa hiyo wazo la kupita njia ndogo lilikuwa na wateja tangu mapema. Sindano ya mgongoni ilikuwepo hata kabla ya diski kujulikana: mwaka 1901 mjini Paris, Jean-Athanase Sicard na Fernand Cathelin, kila mmoja kwa upande wake, walipitisha kokeini kwenye tundu lililo chini kabisa ya uti wa mgongo, karibu na kifandugu, ili kutuliza maumivu ya kiuno na mguu. Katika miaka ya 1950 kokeini na jamaa zake ziliongezewa dawa za kotisoni, na sindano hiyo hadi leo ni ya kawaida katika kliniki za maumivu. Kisha mwaka 1948 Knut Lindblom wa Sweden akaonyesha jambo jingine: sindano inaweza kuingizwa moja kwa moja ndani ya diski yenyewe na kumiminiwa dawa inayoonekana kwenye eksirei. Njia ikawa imefunguliwa. Kilichokosekana kilikuwa kitu cha maana cha kupitisha.

Kitu hicho kilimjia Lyman Smith, daktari wa mifupa wa Elgin, mji wa jimbo la Illinois uliosifika zaidi kwa kiwanda chake cha saa. Smith alizijua habari za sungura wa Thomas, na hoja yake ilikuwa nyepesi: kama utomvu wa papai huyeyusha ujiuji wa gegedu la sikio, na kiini cha diski kimejaa ujiuji wa jamii hiyohiyo, kwa nini tukate? Tuyeyushe. Akachagua kimopapaini. Mwaka 1963 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya diski za sungura, na mwaka 1964 ya binadamu.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mgonjwa alilazwa ubavu. Sindano ndefu iliingizwa kutoka pembeni, upana wa kiganja hivi kutoka katikati ya mgongo, daktari akiifuata kwa eksirei hatua kwa hatua. Kuja kwa pembeni hakukuwa urembo: kimeng'enya hicho kikivuja kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo, mishipa midogo ya damu hupasuka. Ncha ikishafika katikati ya diski, dawa ilisukumwa taratibu. Kazi yake si kuitafuna diski yote. Huvunja zile molekuli zinazoshika maji ndani ya kiini, maji yakatoka, diski ikanywea, na mkandamizo kwenye neva ukapungua. Kwa siku kadhaa mgongo ulikaza na kuuma vibaya. Baadaye, mambo yakienda sawa, mguu ulitulia, na mgonjwa hakuwa na kovu.

Kufikia katikati ya miaka ya 1970, maelfu ya watu walikuwa wamedungwa, dawa ikiwa bado katika hatua ya majaribio. Madaktari walioitumia walikuwa na imani nayo kubwa. Wagonjwa waliingia wakichechemea, wakatoka wakitembea, nani abishe? Ila mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitaka jaribio la kweli: nusu wadungwe dawa, nusu wadungwe kisicho dawa, na daktari wala mgonjwa asijue nani amepata nini. Matokeo yalipotoka mwaka 1975 makundi hayo mawili hayakutofautiana vya kutosha. Kampuni iliyotaka kuiuza ikaondoa maombi yake.

Kelele zilizofuata zilidumu miaka saba. Wafuasi wa Smith walisema jaribio lilikuwa bovu, na hawakuwa wakisema ovyo: kimiminika kilichotumika kama kisicho dawa hakikuwa maji matupu, kilikuwa na kemikali zake. Wakati huo Kanada iliendelea kuiruhusu dawa, na Wamarekani waliochoka kungoja walivuka mpaka wakadungwa huko.

Jibu lililo safi zaidi lilitoka Adelaide, Australia, kwa Robert Fraser. Mwaka 1982 alichapisha habari za wagonjwa 60. Nusu walipata kimopapaini, nusu maji ya chumvi. Baada ya miezi sita, asilimia 80 ya waliopata dawa walikuwa wamefaulu, dhidi ya asilimia 57 ya waliopata maji. Papai limeshinda, vichwa vya habari vingesema. Mimi macho yangu hubaki kwenye ile 57. Zaidi ya nusu ya watu waliokuwa na maumivu ya kutosha kukubali sindano ndefu mgongoni walipata nafuu kwa maji na chumvi. Leo sababu inajulikana vizuri zaidi: kipande cha diski kilichotoka, mara nyingi mwili wenyewe hukishambulia na kukipunguza kadiri miezi inavyopita. Mgongo una desturi ya kupona daktari akiwa bado ameshika sindano, na aliyeshika sindano ndiye apokeaye shukrani.

Novemba 1982 FDA iliidhinisha kimopapaini. Ghafla kila mpasuaji wa mgongo Marekani alitaka kuijua, na mafunzo yakawa mafupi kuliko ilivyofaa. Madhara hayakukawia. Kuna watu ambao miili yao ina mzio na papai. Kwao dawa ilileta mshtuko wa ghafla, shinikizo la damu likiporomoka mezani palepale. Wachache walipooza miguu, wengine walivuja damu ndani ya fuvu au mgongo. Hesabu iliyofanywa baadaye kwa Marekani, kuanzia 1982 hadi 1991, ilihusu wagonjwa wapatao 135,000. Waliokufa kwa mshtuko wa mzio walikuwa 7. Kwa tarakimu tupu hilo si baya kuliko upasuaji. Lakini mtu aliyeahidiwa sindano ndogo tu hategemei kufa, na hofu haina hesabu ya asilimia.

Tena mpinzani wake, upasuaji, naye alikuwa amenyoa na kuvaa upya. Mwaka 1977 Wolfhard Caspar na Gazi Yaşargil walikuwa wameeleza upasuaji wa diski kwa kutumia hadubini: mkato wa sentimita chache, mfupa kidogo mno, mgonjwa anaamka mapema. Wengine walijaribu kuifikia diski kwa mirija. Sadahisa Hijikata wa Tokyo aliitoa kwa mrija mwembamba mwaka 1975, Parviz Kambin akafanya kazi kama hiyo Philadelphia, na mwaka 1986 huko Graz, Austria, Peter Ascher na Daniel Choy wakaichoma kwa leza. Majaribio yaliyolinganisha sindano ya papai na maji, na yale yaliyoilinganisha na upasuaji, yalionyesha kwamba kimopapaini ni bora kuliko maji, na upasuaji ni bora kuliko kimopapaini. Papai likabaki katikati, mahali ambapo hapana soko. Mwanzoni mwa karne hii watengenezaji waliacha kuitengeneza.

Hadi hapa nimesema habari za mguu, kwa sababu diski iliyotoka huuma zaidi mguuni. Mwenye kiuno kinachouma miaka nenda miaka rudi bila mguu kuguswa ana kisa kingine, na kisa chake kina kichekesho ambacho sijakiona mahali pengine katika tiba.

Mwaka 1971 daktari mmoja wa Australia, Skyrme Rees, alitangaza kwamba amepata dawa ya mgongo. Kwa kisu kirefu chembamba, kupitia tundu dogo la ngozi, alikata neva ndogo zinazopeleka hisia kwenye vifundo vinavyounganisha pingili kwa nyuma. Alisema karibu wagonjwa wake wote walipona. Norman Shealy wa Marekani, mtu ambaye mwaka 1967 alikuwa wa kwanza kumwekea binadamu kifaa cha umeme kwenye uti wa mgongo ili kuzuia maumivu, alikwenda naye njia hiyo, akaona wagonjwa wakivuja damu chini ya ngozi, akabadili kisu kwa sindano inayotoa joto la mawimbi ya redio. Neva inachomwa, haikatwi.

Kisha akaja Nikolai Bogduk, mwanaanatomia, mtu wa kuchambua maiti kwa subira. Alipima. Kisu cha Rees, alionyesha, kwa wagonjwa wengi hakikuwa na urefu wa kuzifikia neva zile. Kilikuwa kimekata misuli. Mwaka 1979 yeye na Don Long wakageukia sindano ya Shealy: pale alipokuwa akichoma napo hapakuwa na neva iliyokusudiwa. Watu walikuwa wamepona, au walisema wamepona, kwa kuchomwa mahali pasipohusika. Bogduk hakucheka akaondoka. Alichora upya njia ya kila neva, akaeleza sindano ilale vipi, na kusisitiza kwamba kabla ya kuchoma ni lazima neva itiwe ganzi kwanza kuona kama maumivu yanaondoka kweli. Ufundi huo ndio unaotumika sasa: ncha ikifika nyuzi joto 80 hivi kwa dakika moja au zaidi kidogo, neva hufa ganzi, kisha huota tena baada ya miezi, na maumivu yanaweza kurudi nayo.

Mashine za kupiga picha hazikurahisisha mambo. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha za MRI watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Waliokuwa na diski zisizo na kasoro kabisa walikuwa asilimia 36 tu. Nusu nzima walikuwa na diski iliyotuna. Kwa hiyo mtu anayeumwa akionyeshwa diski iliyotuna ameonyeshwa kitu ambacho pengine jirani yake anayelima bila shida anacho pia. Hata hivyo ndugu wawili wa California, Jeffrey na Joel Saal, wakaja na waya unaozungushwa ndani ya diski na kupashwa moto, na kliniki zikaujia mbio. Ni Adelaide tena iliyopoza moto huo. Mwaka 2005 Brian Freeman, pamoja na Fraser yuleyule wa maji ya chumvi, waliwawekea watu 57 waya, ila kwa theluthi moja haukuwashwa. Hakuna hata mmoja, katika kundi lolote, aliyefikia kiwango cha mafanikio kilichokuwa kimewekwa.

Sindano ya kotisoni, kongwe wa familia hii, ilipata msiba wake mwaka 2012. Dawa iliyochanganywa katika duka moja la dawa la Framingham, Massachusetts, ilikuwa na kuvu, ikasambazwa kwenye kliniki nyingi za Marekani, na watu zaidi ya 750 waliugua, wengi wao homa ya uti wa mgongo. Katika hesabu ya mwaka uliofuata waliokufa walikuwa 64. Kosa halikuwa la sindano. Ila wengi wa marehemu hao walikwenda kwa sababu ya mgongo tu, ugonjwa usioua.

Ubishi haujaisha. Mwaka 2017 Waholanzi walitoa matokeo ya watu 681 wenye maumivu sugu ya kiuno: wote walipewa mazoezi, baadhi wakaongezewa kuchomwa neva, na nyongeza hiyo haikuleta faida yenye uzito. Wafuasi wa Bogduk walijibu kwamba wagonjwa hawakuchujwa inavyotakiwa, na sindano haikulazwa inavyotakiwa. Mwaka 2025 jopo lililochapisha mwongozo katika jarida la BMJ lilipendekeza kwa nguvu watu wenye maumivu sugu ya mgongo wasipewe sindano za mgongoni wala kuchomwa neva; vyama vya wataalamu wa maumivu vikapinga kwa nguvu ileile. Mimi ningemsikiliza zaidi daktari anayekubali kupima kwanza kwa ganzi, na ningemkimbia anayesoma picha tu na kuandaa sindano. Kwa idadi ya wanaoumwa, milioni 619 duniani mwaka 2020 kwa hesabu iliyotumiwa na Shirika la Afya Duniani, si ajabu kwamba kila kifaa kipya hupata foleni.

Nacho kimeng'enya hakikuzikwa. Mwezi Machi 2018 Japani iliidhinisha kondoliasi, inayodungwa ndani ya diski kwa njia ileile aliyoipita Smith. Haitoki kwenye papai. Hutoka kwa bakteria, na inachagua zaidi inachokivunja. Masharti yake yangemkumbusha mtu wa Elgin mengi: anayedungwa huchunguzwa mzio kabla na baada, daktari sharti awe amefundishwa, na kwa kuwa mwili ukishakutana na kimeng'enya hicho hukiwekea kumbukumbu, mgonjwa hupewa mara moja tu maishani.